Unalala vibaya ndiyo maana unafeli? Ngoja kwanza

Kama umesoma chuo cha afya, au una ndugu anayesoma udaktari, hii sentensi umeshaisikia: "Utafiti umeonyesha kwamba wanafunzi wa udaktari wanaolala vizuri wanafaulu zaidi." Inapita kwenye magrupu ya WhatsApp, inasemwa kwenye semina za mwaka wa kwanza, na mara nyingi inakuja na picha ya mtu aliyelalia kitabu. Halafu unafuata ushauri: lala masaa 8, utafaulu.

Leo nataka tuikague hiyo sentensi. Sio kwamba naona usingizi hauna maana. Una maana sana, na huko chini nitakuonyesha ushahidi ninaouamini. Shida yangu ni kwamba tafiti nyingi zilizo nyuma ya sentensi hiyo haziwezi kubeba mzigo tunaozibebesha, na mzigo huo ukianguka unamwangukia mwanafunzi.

Nianze na rafiki yangu. Mwaka wa pili alikosa chumba hosteli, ikabidi abebwe. Kama hujui kubebana ni nini: watu wawili, kitanda kimoja cha dabo deka, na hakuna anayetakiwa kujua. Jioni alikuwa anamsaidia ndugu yake kwenye duka la dawa mpaka saa 4 usiku, akirudi anasubiri wenzake wamalize kelele ndipo apate pa kujinyoosha. Matokeo yakatoka, ana sapu mbili. Akaitwa kwa mshauri wa wanafunzi, akaulizwa maswali machache, kisha akaambiwa: "Mwanangu, tatizo lako ni usingizi. Tafiti zipo. Jitahidi kulala mapema." Akajibu, "Sawa, dokta, nashukuru." Tulipofika nje akaniangalia akauliza, "Sasa nilale wapi?"

Mshauri hakusema uongo. Tafiti kweli zipo. Tuziangalie.

Kwanza, wanapima nini?

Tafiti nyingi za usingizi wa wanafunzi wa udaktari, iwe ni Asia, Ulaya au Afrika, zinatumia dodoso moja maarufu: Kipimo cha Ubora wa Usingizi cha Pittsburgh, kwa kifupi PSQI. Kilichapishwa mwaka 1989 na Daniel Buysse na wenzake, na mwanzoni kilikusudiwa kazi za tiba na utafiti wa magonjwa ya akili. Kina maswali 19 kuhusu mwezi mmoja uliopita. Majibu yanawekwa kwenye makundi 7, kila kundi lina alama 0 hadi 3, jumla inakuwa 0 hadi 21. Ukizidi 5, unaitwa mtu mwenye usingizi mbovu.

Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 57 zenye wanafunzi wa udaktari zaidi ya 25,000. Asilimia 52.7 walikuwa na usingizi mbovu kwa kipimo hiki. Zaidi ya nusu! Ukisikia hivyo unashtuka, na una haki ya kushtuka.

Ila mimi nimewahi kulijaza dodoso hili, nikiwa mwaka wa tatu, darasani, dakika kumi kabla ya kipindi. Swali la kwanza linauliza huwa unapanda kitandani saa ngapi. Nikaandika 5, maana nalala saa 5 usiku. Halafu nikakumbuka dodoso ni la Kiingereza, nikafuta, nikaandika 11. Jirani yangu hakufuta. Sijui aliyeingiza zile takwimu kwenye kompyuta alimfanyaje mtu anayelala saa 5 na kuamka saa 11.

Swali lingine: kwa usiku mmoja, unalala masaa mangapi hasa? Nikaandika 6. Nilijuaje? Sikujua. Nilikisia, tena nikakisia namba ambayo isingeniaibisha. Na sio mimi tu. Mwaka 2008 Diane Lauderdale na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 669 wa Chicago waliovaa kifaa cha mkononi kinachopima usingizi, kisha wakaulizwa wanalala kiasi gani. Kifaa kilionyesha wastani wa masaa 6 hivi. Midomo ilisema karibu 7. Na waliokuwa wanalala kidogo zaidi ndio waliojiongezea zaidi.

Halafu kuna orodha ya vitu vinavyokukatisha usingizi: kwenda chooni, kukohoa au kukoroma, baridi, joto, ndoto mbaya, maumivu. Mbu hayumo. Kelele za chumba cha watu sita hazimo. Kulala wawili kitandani hakumo. Vyote hivyo vinaingia kwenye kisanduku kimoja cha "sababu nyingine". Mwishoni wanauliza kama una mwenzako wa kitanda au wa chumba, lakini sehemu hiyo haihesabiwi kwenye alama.

Kuna jambo moja zaidi ambalo naliona ni zito kuliko yote. Moja ya yale makundi 7 linauliza ni kwa kiasi gani umepata shida kuwa na hamasa ya kufanya mambo yako. Sasa fikiria mwanafunzi ambaye wiki ijayo ana mtihani wa fiziolojia na anajua hayuko vizuri. Hamasa ataitoa wapi? Hofu yake ya kufeli inaingia kwenye alama za "usingizi". Kisha tunachukua alama hizo, tunazilinganisha na matokeo ya mtihani, tunashangaa kwamba vinaendana.

Pili, nani alimtangulia mwenzake?

Tafiti nyingi za aina hii ni kama picha ya mnato. Unaingia darasani siku moja, unagawa dodoso, unauliza usingizi, unauliza GPA, unapiga hesabu. Picha ya mnato inaweza kukuonyesha watu wawili wamesimama pamoja. Haiwezi kukuambia nani alifika kwanza, wala kama wote wawili walikuja na basi moja.

Usingizi mbovu unaweza kuleta alama mbovu, sawa. Lakini alama mbovu nazo zinaleta usingizi mbovu. Muulize mtu yeyote aliyewahi kusubiri matokeo ya sapu. Na kuna vitu vinavyoleta vyote viwili kwa pamoja: bumu limechelewa, huna chumba, unaumwa, una msiba nyumbani, una sonona. Rafiki yangu alikuwa na usingizi mbovu na alama mbovu, na vyote viwili vilitoka kwenye kitanda ambacho hakuwa nacho.

Hapa ndipo naomba uniazime masikio, maana kuna utafiti mmoja wa wanafunzi wa udaktari wenyewe ambao ulijaribu kutoka kwenye picha ya mnato. Ulifanyika Munich, Ujerumani, ukachapishwa mwaka 2012 na Ahrberg na wenzake. Walichukua wanafunzi 144 waliokuwa wanaelekea mtihani mkubwa wa kumaliza masomo ya awali ya udaktari, ule wa kabla ya kuanza kliniki. Badala ya kuuliza mara moja, waliangalia vipindi vitatu: katikati ya muhula, kabla ya mtihani, na baada ya mtihani.

Katikati ya muhula, asilimia 29 walikuwa na usingizi mbovu. Kabla ya mtihani, asilimia 59. Baada ya mtihani, asilimia 8.

Soma tena hizo namba. Watu ni walewale. Ukigawa dodoso lako mwezi wa mtihani, unaandika ripoti kwamba wanafunzi wa udaktari wana janga la usingizi. Ukigawa mwezi unaofuata, unaandika kwamba wanalala kama watoto wachanga. Kwa hiyo ukikuta utafiti unasema "asilimia kadhaa ya wanafunzi wana usingizi mbovu" bila kusema waliulizwa wiki gani ya muhula, umepewa nusu ya habari.

Na alama je? Usingizi wa kipindi kile cha kabla ya mtihani ulikuwa na uhusiano na matokeo, na msongo wa mawazo vilevile. Lakini usingizi wa katikati ya muhula haukuwa na uhusiano na matokeo. Yaani wanaolala vibaya siku zote sio hao waliofanya vibaya. Watafiti wenyewe wakaandika kwamba inaelekea wanafunzi watakaofanya vibaya ndio wanaopata msongo na kukosa usingizi mtihani unapokaribia, ingawa kukosa usingizi huko nako kunaweza kuwavuta chini zaidi. Ni mduara. Ukimwambia mtu aliye ndani ya mduara huo "lala tu", ni kama kumwambia anayezama kwamba tatizo lake ni maji.

Tatu, uhusiano ni mkubwa kiasi gani?

Neno "uhusiano" kwenye takwimu lina ukubwa, na ukubwa huo mara nyingi haufiki kwenye kichwa cha habari. Mwaka 2010 Julia Dewald na wenzake waliunganisha tafiti nyingi za watoto na vijana wa shule. Hawa sio wanafunzi wa udaktari, lakini uchambuzi wao ni mzuri kwa kujifunza kusoma namba. Uhusiano kati ya ubora wa usingizi na ufaulu ulikuwa 0.10. Kati ya urefu wa usingizi na ufaulu, 0.07. Usinzifu wa mchana uliongoza, kwa 0.13 upande wa kushusha.

Namba hizi zinakwenda kuanzia 0, maana yake hakuna uhusiano, hadi 1, maana yake vinaenda pamoja kama pacha. Ukitaka kujua ni sehemu gani ya tofauti za alama inaendana na usingizi, zidisha namba kwa yenyewe. 0.10 mara 0.10 ni 0.01. Asilimia moja. Zile 99 zilizobaki zimekaa kwingine: maandalizi, walimu, lugha ya kufundishia, chakula, bahati, na mengine.

Sasa nikosoe ukosoaji wangu mwenyewe, maana haki ni haki. Kipimo kibovu kinafifisha uhusiano. Kama watu wanakisia masaa yao, hata uhusiano mkubwa utaonekana mdogo. Kwa hiyo huwezi kuchukua hiyo asilimia moja ukasema usingizi hauna kazi. Unachoweza kusema ni kwamba dodoso peke yake halitoshi kutuamulia.

Nne, ushahidi mzuri unasemaje?

Mwaka 2019 Kana Okano na wenzake walichapisha utafiti wa MIT, Marekani, kwa wanafunzi wa somo moja la kemia. Waliwavalisha Fitbit muhula mzima, na wanafunzi 88 wakaingia kwenye uchambuzi. Hapo hakuna kukisia masaa. Urefu, ubora na utaratibu wa usingizi kwa pamoja viliendana na karibu asilimia 25 ya tofauti za alama. Ni mbali sana na asilimia moja.

Lakini kilichonivutia zaidi ni hiki: usingizi wa usiku mmoja kabla ya mtihani haukuwa na uhusiano na alama za mtihani huo. Kilichoendana na alama ni usingizi wa wiki na mwezi uliotangulia, yaani siku zile walipokuwa wanajifunza. Kwa wale wanaopiga msuli mwezi mzima bila kulala, halafu usiku wa kuamkia mtihani wanajilaza mapema kwa ushauri wa semina, hii ni habari ya kufikiria.

Hata hivyo, hiyo nayo bado ni uhusiano. Ni darasa moja, la watu 88, kwenye chuo kimoja chenye uwezo. Tunataka kitu ambacho mwanafunzi mwenyewe hakukichagua. Nakijua kimoja kizuri.

Kwenye Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, wanafunzi hawachagui ratiba. Wanapangiwa kama kwa kura. Scott Carrell, Teny Maghakian na James West wakaitumia nafasi hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Waliopangiwa kipindi cha kwanza kinachoanza kabla ya saa 2 asubuhi walifanya vibaya zaidi, na sio kwenye kipindi hicho tu, bali kwenye masomo yao yote ya siku hiyo. Na kadiri siku ya masomo ilivyoanza kwa kuchelewa, ndivyo hasara hiyo ilivyopungua.

Kwa nini naupenda? Kwa sababu kura haijui nani mvivu, nani ana msongo, nani ana hela. Hawakupima usingizi moja kwa moja, hilo ni pengo. Lakini ukiuunganisha na majaribio ya maabara, picha inakaa sawa. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake walichapisha jaribio la watu wazima 48 wenye afya. Baadhi walipangiwa kulala masaa 8, wengine 6, wengine 4, kwa siku 14 mfululizo. Wa masaa 6 na 4 umakini wao uliendelea kushuka siku hadi siku, mpaka ukafikia kiwango cha mtu aliyekesha usiku mmoja au miwili mizima. Wao wenyewe walijiona wana usingizi kidogo tu. Kwa hiyo ukisema "mimi nimeshazoea masaa 5", pengine ulichozoea ni ile hisia ya kuchoka. Umakini wako unaendelea kushuka. Kweli, kubonyeza kitufe kwa haraka maabara sio mtihani wa anatomia. Ila mtu ambaye hawezi kukaa makini hasomi anatomia, anaifungua tu.

Kwa hiyo?

Sentensi ya mwanzo tunaweza kuiandika upya hivi: kukosa usingizi wiki nyingi kunaharibu umakini, na kuna ushahidi mzuri kwamba ratiba inayomwamsha mwanafunzi mapema mno inashusha alama zake, lakini zile tafiti za dodoso moja kwa wanafunzi wa udaktari haziwezi kutuambia kwamba aliyefeli alifeli kwa sababu alilala vibaya.

Utaona tofauti iliyopo. Sentensi ya kwanza inamnyooshea kidole mwanafunzi. Ya pili inauliza ratiba ameipanga nani. Ushahidi bora tulio nao unatoka mahali ambapo mwenye madaraka ndiye aliyepanga saa za kuanza, na wanafunzi wakabeba matokeo. Chuo kinaweza kuangalia saa ya kipindi cha kwanza. Kinaweza kuacha kurundika testi nne wiki moja. Kinaweza kujiuliza kwa nini mtu aliyetoka zamu ya usiku wodini anatakiwa darasani asubuhi ileile. Kinaweza kuhesabu vitanda.

Na wewe, ukiletewa tena "utafiti umeonyesha", uliza mambo manne. Usingizi ulipimwa kwa kifaa au kwa kukisia? Waliulizwa wiki gani ya muhula? Kitu gani kingine kinaweza kuleta usingizi mbovu na alama mbovu kwa pamoja? Na uhusiano wenyewe ni mkubwa kiasi gani? Majibu yasipopatikana, usiitupe habari, ila usiitumie kumhukumu mtu.

Kwa upande wako binafsi, kama una uwezo wa kuchagua, linda utaratibu kuliko usiku mmoja. Saa ileile ya kulala, saa ileile ya kuamka, wakati wa kujifunza na sio wakati wa mtihani tu. Hilo halihitaji dodoso.

Rafiki yangu alifaulu sapu zote mbili. Mwaka uliofuata alipata chumba, akapata kitanda chake, na alama zake zikapanda. Ungempa dodoso ungeandika: usingizi umeboreka, ufaulu umeongezeka. Na usingekosea. Inawezekana kabisa kitanda kilifanya kazi yake kupitia usingizi. Hilo silikatai hata kidogo. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyemfundisha kulala. Alipewa pa kulala.